Sketi Nilizozikata Zote kwa Mpigo

Aneth mwanangu,

Umeenda Kawe kumuaga bibi yako, nami nimezima cherehani nikafunga ofisi mapema ili nikuandikie kabla hujarudi. Sikuandikii habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Una miaka ishirini na moja, hayo unayajua, na yale usiyoyajua Dodoma ina watu watakaokuambia. Begi lako nimeliona ulivyolipanga, sina la kuongeza, isipokuwa nimetoa kitenge kimoja nikaweka kile cha bluu, maana kile ulichoweka kimetoboka na ulidhani sijaona.

Ninachokuandikia kimetokana na neno ulilosema Jumanne, tulipokuwa tunachambua mchele. Nilikuuliza hiyo timu utakayoiongoza ikoje, hao vijana watano mtakaotengeneza mfumo wa kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati. Ukaniambia, "Mama, watu watano wa nini? Wangenipa mie kazi yote, wao watanichelewesha tu. Halafu kuna mmoja anaitwa Baraka, nimeongea naye kwenye simu mara mbili, anauliza maswali mpaka anaboa."

Nilicheka. Bi Pili wetu wa ofisini naye alikuwepo akacheka. Lakini nilishindwa kuendelea kuchambua, maana maneno hayo niliyasema mie mwenyewe, karibu neno kwa neno, mwaka juzi. Yalinipotezea mtu. Mtu huyo ni mama mdogo wako Zulfa.

Wewe unajua kwamba ule msimu wa sare za shule Zulfa hakuwepo ofisini kwa sababu alikuwa na msiba Tanga. Hakukuwa na msiba, Aneth. Tanga hakwenda. Alikuwa nyumbani kwake hapa hapa Tandika, mitaa miwili kutoka kwetu, na mie ndiye niliyemfukuza bila kutamka neno ondoka. Nikakudanganya kwa sababu ulikuwa umerudi likizo unanisifia, na sifa zako nazipenda. Kesho unapanda basi kwenda kuongoza watu. Sitaki uende ukimuiga mama ambaye hayupo.

Kwanza nikuambie nilivyokuwa, sio kujitetea. Nilikuzaa nina miaka kumi na saba. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa nakunyonyesha, matokeo yake unayajua, tusiyafukue. Cherehani nilijifunza kwa kumkodolea macho fundi mmoja pale sokoni mpaka akachoka kunifukuza. Kila kilichowahi kunitoka vizuri nilikifanya mwenyewe, nikiwa nimechoka, bila mtu wa kumuuliza. Ukiishi hivyo miaka mingi unaanza kuona mikono ya watu wengine ni ya kuharibu tu. Hata nilipopata ofisi na watu wa kufanya nao kazi, nikawa nawahesabu kama cherehani mbili zilizoongezeka. Zulfa alikuwa cherehani ya kushona. Bi Pili alikuwa cherehani ya vifungo, pindo na pasi. Mie nilikuwa mwenye akili.

Basi ikaja ile kazi ya shule ya msingi ya kule Mbagala. Sketi za kijani za wasichana zaidi ya mia mbili, zinatakiwa shule ikifunguliwa Januari. Mwalimu aliyesimamia, Madam Anna, alikuja na karatasi iliyoandikwa vipimo na neno "marinda". Nikaichukua, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi yangu. Mpango wote ulikaa humo, kwenye pochi na kichwani kwangu.

Asubuhi ya kwanza Zulfa akaniuliza, "Mama Aneth, leo tunaanza na zipi?"

"Wewe kaa, mie nitakuletea vya kushona."

"Sasa hivi nishone nini, hewa?"

Halafu akasema, na hapa usikie vizuri, akasema, "Hawa watoto nawaona asubuhi pale kituoni. Sketi zao marinda yanazunguka mpaka nyuma, sio mbele tu. Umemuuliza Madam?"

Nikamjibu kwamba karatasi nimeisoma, tusipoteze muda. Nami nilikuwa nimeshaamua ni marinda ya mbele tu, kwa sababu shule ya kwanza niliyowahi kuishonea ilikuwa hivyo. Hilo ndilo kosa la mtu aliyewahi kufanikiwa mara moja.

Nikakata. Siku mbili nilisimama mezani nikakata sketi zote, saizi zote, mbele na nyuma, mpaka mafungu yakafika dirishani. Nikapiga picha nikakutumia chuoni, ukanijibu, "Mama wewe noma." Bi Pili alipita akayatazama yale mafungu, akaniambia, "Si ungeshona moja kwanza, tumpelekee mwenyewe aione?"

"Bibi, tukianza kupeleka moja moja tutamaliza lini?"

"Haya," akasema. Ile haya ya watu wazima, inayomaanisha utajijua.

Madam Anna alikuja kutusalimia tukiwa tumeshona kama themanini. Akachukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Akasema, "Mbona nyuma tambarare? Zetu zinazunguka."

Aneth, mtu akikamatwa na kosa lake mbele ya mteja kuna kama sekunde mbili hivi. Ndani ya hizo sekunde mbili unaonekana wewe ni nani. Mie nilimgeukia Zulfa, nikasema kwa sauti ya ukali wa kibosi, "Zulfa, si nilikuambia umuulize Madam?"

Zulfa akatoa mguu kwenye cherehani. Akanitazama. Hakunijibu mbele ya mgeni, kwa heshima yake. Madam alipotoka, akachukua mkasi wake akauvingirisha kwenye kanga, akavaa ndala. Mlangoni akaniambia taratibu, "Unajua kwamba nilikuambia." Hakugomba, hakulia. Aliondoka kimya kabisa, nikajiambia kumbe hajaumia sana, kesho atarudi.

Kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa.

Nikafanya nilichozoea, nikaongeza bidii. Nikafungua grupu kwenye simu nikaliita Sare Mbagala, nikawa natuma maagizo alfajiri. Tulikuwa watu watatu humo, mie, Bi Pili ambaye simu yake huishika mjukuu wake, na Zulfa ambaye hakuwahi kufungua. Mjukuu alikuwa anajibu dole gumba. Siku nzima nikawa nafurahia dole gumba la mtoto wa darasa la tano, nikidhani kazi inakwenda.

Ndipo ukaja likizo ukatukuta. Nakumbuka ulisimama mlangoni ukasema, "Mama, hapa kuna nini kimekwisha na nini hakijaanza?" Bi Pili alikuwa amezama kwenye lundo la sketi anazofumua, kichwa tu ndicho kinaonekana. Ukauliza, "Ma'mdogo Zulfa yuko wapi?" Nami nikatoa ule msiba wa Tanga, mwepesi kabisa, kama niliuandaa tangu jana.

Ulichofanya siku ile mie nilikidharau, leo naomba nikukirie. Ulifunga kamba ukutani kutoka msumari mpaka msumari, ukaigawa sehemu tatu, ukakata boksi la sabuni vipande vipande, ukavibana kwa vibanio vya nguo. Kila kipande sketi kumi. Sehemu ya kwanza ukaandika Bado, ya pili Mkononi, ya tatu Tayari. Ukaniambia chuoni mnaiita ejaili, kwamba ni kufanya kazi kidogo kidogo, kumwonyesha mwenye kazi mapema, na kila mtu kuona kinachoendelea bila kuulizana. Nikakujibu kwamba sie tumeanika nguo miaka yote hatukujua ni usomi.

Siku ya kwanza nilisogeza vipande saba kwenye Mkononi, vyote vyangu, nionekane nafanya. Bi Pili akavaa miwani, akavihesabu.

"Una mikono saba?"

"Bibi, nataka kuvianza vyote vitembee."

"Pweza ana minane na hata yeye hana ofisi."

Tulicheka mpaka ukakaa chini. Ukaweka sheria palepale kwamba mtu hashiki zaidi ya kipande kimoja mpaka akimalize. Niliona kama umenifunga pingu. Baada ya siku mbili vipande vitatu vya kufumua vilikuwa Tayari, wakati wiki nzima nyuma yake sikuwa na hata kimoja kilichokamilika. Nilikuwa na sketi nyingi zilizobakiza zipu, nyingi zilizobakiza mkanda, na sketi iliyobakiza mkanda hakuna mtoto anayeivaa.

Ukaleta na kile kikao cha asubuhi cha kusimama, dakika kumi, kila mtu aseme jana alimaliza nini, leo anashika nini, na amekwama wapi. Bi Pili alikataa. "Mie magoti haya nayasimamisha kwenye swala na kwenye foleni ya maji. Kikao siwezi." Ukamruhusu akalie ndoo. Siku moja nikaleta viti kwa ajili ya wote, kwa huruma. Ikaja chai, zikaja chapati, Bi Pili akaanza kisa cha mume wake wa kwanza, kikao kikaisha adhuhuri inaadhiniwa. Viti nikavirudisha.

Lakini yapo usiyoyajua kuhusu kile kikao. Kila asubuhi ulipouliza nani amekwama, mie nilikuwa najibu, "Mie niko sawa." Na Bi Pili, akiona mwenye ofisi yuko sawa, naye anasema yuko sawa, hata siku pasi ilipokuwa inakufa na kufufuka alisema yuko sawa. Mie nilikuwa nimekwama wiki nzima. Marinda ya mbele nayajua, ya kuzunguka siyajui. Kila nikiyapanga la mwisho linabaki na pengo au linapanda juu ya mwenzake. Sketi moja niliifumua mara nne, nikiwa nimewapa mgongo msione. Wewe ukawa unakitazama kile kipande ukutani. "Mama, hiki mbona hakihami?" Nakujibu, "Kinakuja."

Siku ya tano nilichoka. Sio kwamba niliongoka, nilichoka tu. Ulipouliza nani amekwama nikasema, "Mie. Sijui kuyapanga haya marinda. Anayejua ni Zulfa."

Ukafurahi kabisa, ukasema, "Si rahisi tu? Tumpigie huko Tanga atuelekeze." Ukashika simu. Nikakunyang'anya nikasema mtandao wa kule unasumbua. Bi Pili, aliyekuwa anajua kila kitu, akakohoa muda mrefu kwenye vifungo vyake. Ulidhani ni vumbi, ukamletea maji.

Mchana ule nilikuaga kwamba nafuata uzi. Nilienda kwa Zulfa na sahani ya vitumbua.

Nilimkuta uani anafua. Akanikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea kufua. Nikaanza kuzunguka. Nikamuuliza hali ya mama yake, hali ya joto, hali ya maji. Mwisho nikasema, "Si unajua kazi ilikuwa nyingi, mtu akichoka mdomo unateleza."

Akakamua shuka. "Umekuja kuniona, au umeifuata hii mikono?"

Nikafikiria kudanganya. Nikasema, "Vyote viwili."

"Angalau hilo ni kweli." Akanikabidhi ncha ya pili ya shuka, tukakamua pamoja. Halafu akasema, "Mie kuambiwa nimekosea sikatai. Nimekosea mara ngapi pale, umenisema, nimerekebisha. Ila ulinibebesha kosa lako mbele ya mtu. Ulilisemea mbele ya nani?"

"Mbele ya Madam Anna."

"Haya basi."

Nikaelewa. Kunisamehe uani pale, tukiwa wawili na shuka, kungekuwa rahisi kwangu mie tu. Nikamwambia kwamba Ijumaa nampelekea Madam sketi tano za mfano kabla hatujashona nyingine yoyote, na nikamwomba twende wote.

"Nitakuja kusikia," akasema. "Sijasema nitakuja kushona." Akachukua kitumbua kimoja, akakimega. "Na hivi vitumbua katikati havijaiva."

Ijumaa tulikwenda. Ofisini kwa Madam kulikuwa na kiti kimoja cha mgeni, Zulfa akabaki amesimama karibu na mlango, mie nikaona siwezi kukaa. Nikaweka zile sketi tano mezani nikaweka mkono juu yake. Nikasema, "Madam, kabla hujaziangalia. Siku ile nilikuambia Zulfa hakuuliza. Aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba marinda yanazunguka, mie nikakataa kumsikiliza. Nilimsingizia mbele yako."

Madam akaweka kalamu. Nilitegemea ataikasirikia kazi. Akamgeukia Zulfa, akasema, "Pole sana dada. Mie nilitoka pale nikawaambia wenzangu yule fundi mwingine ndiye mzembe."

Aneth, hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya. Kauli yangu ya sekunde mbili ilikuwa imetembea mpaka staffroom ya shule ambayo Zulfa hajawahi kukanyaga. Wiki mbili mtu alikuwa anaitwa mzembe na watu asiowajua, na mie niko kwenye grupu nafurahia dole gumba.

Zulfa akaitika kwa kichwa tu. Akasogea mezani, akainua sketi moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya marinda kapanga nani?"

"Mie."

"Yanaonekana."

Madam akacheka, nami nikacheka kwa kuogopa. Kisha Zulfa akauliza swali ambalo mie mwenye akili sikuwahi kuliuliza tangu Novemba. "Madam, katika hawa watoto wote, ni wangapi ambao siku ya kwanza hawatakuwa na sketi kabisa?"

Madam akafungua daftari lake. Wakatoka kama sitini, watoto wapya, karibu wote wa darasa la kwanza na la pili. Wakubwa walikuwa na za mwaka uliopita, zimepauka lakini zipo. Kumbe wiki zote zile nilikuwa nakimbizana na sketi zaidi ya mia mbili, na zilizokuwa na haraka ya kweli zilikuwa sitini. Na ndogo. Tukatoka pale Zulfa anahesabu kwa vidole, akasema vitambaa nilivyovikata vya wasichana wakubwa vinatosha kuzungusha marinda ya wadogo, hakitapotea kitu. Kitambaa kingine cha wakubwa tutakitafuta Kariakoo taratibu, rangi ile ile.

"Tutakitafuta" alisema. Nililisikia hilo "tu" nikanyamaza, nisilitishe likakimbia.

Jumatatu alikuja. Uliruka ukamkumbatia, ukampa pole ya msiba. Akakutazama, akanitazama mie, akasema, "Ahsante mwanangu, ndio hivyo, tumeshazika." Hapo unaona mama mdogo wako alivyo. Alinibebea uongo mbele ya mwanangu, siku ya tatu tu tangu nimsafishe mbele ya Madam. Sikustahili.

Lakini alirudi na sharti. Kila Ijumaa baada ya swala tukae, mashine zimezimwa, kila mtu aseme wiki ile kipi kilikwenda vizuri, kipi kilikwenda vibaya na tubadilishe nini. "Na wewe mwenye ofisi," akaniambia, "unasema wa mwisho. Ukianza wewe, sie tutakuwa tunakuitikia tu." Chuoni mna jina la kikao hicho, uliniambia, nimelisahau. Hapa tunakiita kusemana.

Kusemana kwa kwanza kulinitoa jasho. Bi Pili alisema ninakata huku naongea na simu. Zulfa alisema nikisifia kazi nasifia mbele ya mlango, nikikosoa nakosoa mbele ya mteja. Yote kweli. Nilikuwa na majibu manne tayari mdomoni, nikayameza moja baada ya jingine, na zamu yangu ilipofika nikasema nitapima mara mbili na simu nitaiacha kwenye droo. Bi Pili akasema, "Tutaona." Wiki iliyofuata alikagua droo kwanza.

Sitaki udhani mambo yaliisha kama kwenye matangazo. Shule ilipofunguliwa tulikuwa na zile sitini, na kumi za ziada. Zilizobaki tulikuwa tunapeleka kila Ijumaa, kumi na tano, ishirini, mpaka Februari inakaribia kuisha. Mama mmoja mzazi alinigombeza kwenye simu kuhusu binti yake wa darasa la sita, na alikuwa na haki. Ila hakuna hata moja iliyorudishwa, kwa sababu kila kundi Madam alilitazama, akasema pindo liongezwe, tukaongeza kwenye lililofuata. Hakutusifu. Alituletea kazi ya kaptura za wavulana, ndiyo lugha yake ya kusifu.

Sasa wewe. Kamba na vibanio unavijua kuliko mie, ulinifundisha, siwezi kukufundisha. Ninachokijua mie ni kwamba ile kamba haina macho. Mtu anaweza kusogeza vipande kila asubuhi vizuri kabisa, na bado akawa anamwogopa mwenye ofisi kiasi cha kutosema pasi imekufa. Kikao cha dakika kumi kinafanya kazi siku ambayo anayekiongoza anasema amekwama. Anza wewe. Wiki ya kwanza hiyo hiyo, na liwe jambo la kweli, sio la kujifanya, maana watalijua.

Na huyo Baraka anayekuboa. Mwanangu, nisikilize kwa hili, hapa sikuombi, nakuambia. Kabla hujaamua anakuchelewesha, muulize amekuwa akiona nini. Pengine katika zahanati hizo ameshakaa kwenye benchi na mgonjwa, anajua wahudumu wanaandika nini na wanaruka nini, na wewe umeshaanza kukata. Pengine hana lolote, anapenda tu kuongea. Utajua kwa kumwonyesha kitu kidogo mapema, karatasi moja tu ya huo mfumo, si mwisho wa mwezi wa sita mambo yakiwa yamefika dirishani. Na siku wakubwa watakapokuuliza mbele ya watu nani amekosea, zile sekunde mbili zitakuja. Zitumie kuvuta pumzi.

Usifanye kazi yote peke yako ili uonekane. Nilikulea hivyo bila kujua, nilikuonyesha mama anayefanya kila kitu, nawe ukapenda. Nilikuwa nimechoka, Aneth. Sikuwa hodari kiasi hicho. Bi Pili alikuwa anakuogesha nikisinzia juu ya cherehani, na Zulfa ndiye aliyekaa na wewe wiki nzima ulipougua surua. Katika kukusimulia niliwafuta.

Nilipofika hapa niliisimamisha barua, nikampelekea Zulfa aisome kwanza kabla yako. Nimeona ni haki yake, maana habari ni yake kuliko yangu. Amesoma amesimama, akaomba kalamu. Yanayofuata ameandika mwenyewe, sijagusa.

*

Aneth, ni mie ma'mdogo wako Zulfa. Mama yako ameandika kweli isipokuwa mahali pamoja. Amesema sikulia, niliondoka kimya. Nililia. Nilifika pale kwenye kona ya wauza mkaa nikakaa juu ya gunia nikalia, nikawa natazama njia nione kama anakuja. Nilikaa mpaka yule muuza mkaa akaniuliza kama nanunua. Nimemwambia mama yako asifute alivyoandika, uone kwamba mpaka leo mchana alikuwa hajui.

Kwa hiyo mtu wako akiinuka akatoka, usimpe wiki mbili. Mfuate hapo hapo, hata kama hujui utamwambia nini. Kazi iache mezani, haina miguu.

Habari za Tanga nisamehe, na mie nilikudanganya. Dodoma kuna baridi asubuhi, sweta la kitambaa kizito nimekuwekea juu ya begi, mama yako alikata, mie nimeshona. Marinda hajayajua mpaka leo, lakini siku hizi akikwama anasema.